Maadili ya unasihi na namna ya kuamua penye utata: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza maswali haya ni watu wa aina tatu: wateja wanaotaka kujua kama siri zao ziko salama, ndugu wanaotaka kuambiwa kinachozungumzwa kwenye chumba cha unasihi, na wanasihi wapya waliofaulu somo la maadili chuoni wakakwama wiki ya kwanza kazini. Sheria zinazotajwa ni za Tanzania na Kenya. Watu waliomo kwenye mifano si watu halisi, ila mambo yanayowakuta ni ya kila siku.

Nikimweleza mnasihi mambo yangu, ni kweli hayatatoka nje?

Hayatoki, isipokuwa katika hali chache, na hizo lazima akutajie kabla hujaanza kusimulia. Kwa kawaida ni hizi: maisha yako yakiwa hatarini, maisha ya mtu mwingine yakiwa hatarini, mtoto akiwa anadhulumiwa, au mahakama ikitoa amri. Zaidi ya hapo, mnasihi makini ana msimamizi wa kitaaluma, yaani mwenzake mwenye uzoefu mkubwa ambaye hukaa naye kupitia kazi yake. Huko anaeleza tatizo bila jina lako, bila mtaa wako, bila chochote cha kukutambulisha.

Wateja wengi hudhani chumba cha unasihi ni sawa na kitubio cha Kanisa Katoliki. Si sawa. Padri haruhusiwi kufichua alichosikia kwenye kitubio kwa sababu yoyote ile. Siri ya mnasihi ina mipaka, na mteja anayeijua mipaka hiyo baada ya kuwa ameshasema ana kila haki ya kujiona amesalitiwa. Kwa hiyo mimi huisema kwa mdomo, dakika za mwanzo kabisa, hata kama mtu ameshasaini fomu: "Unayoniambia yanabaki kwangu. Yapo machache yatakayonilazimu nimshirikishe mtu mwingine, nayo ni haya. Na hata hapo, nitakuambia wewe kwanza kila itakapowezekana."

Ile fomu mara nyingi imeandikwa Kiingereza, na mtu ameisaini mapokezi huku foleni ikimsukuma mgongoni. Saini ya namna hiyo si ridhaa. Ridhaa ni mteja kuelewa anaingia kwenye jambo gani, litamgharimu nini, na kwamba anaweza kukataa swali, kukatisha kikao au kutorudi tena bila kunyimwa huduma nyingine anazopata hapo. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kumwomba akurudishie: "Hebu niambie kwa maneno yako, mambo gani nitalazimika kuyapeleka kwa mtu mwingine?" Akibabaika, eleza upya. Usiendelee.

Mume wangu ndiye anayelipia vikao. Ana haki ya kujua ninachosema?

Hana. Anayelipa anapata risiti, na kama wewe umekubali, anaweza kuambiwa kwamba umehudhuria. Basi.

Wanasihi wapya huangushwa na jambo hili kwa sababu halianzi kwa ugomvi, linaanza kwa upole. Simu inaingia jioni: "Dokta, habari za kazi. Mimi ni mume wa yule dada wa Jumanne. Sitaki mengi, niambie tu, kuna mwanaume mwingine?" Hapo mtu huona hata kujibu "hapana" ni msaada, maana kunatuliza ndoa. Lakini ukisema "hapana" leo, kesho ukikataa kujibu kuhusu mteja mwingine utakuwa umeshajibu "ndiyo". Tena kwa kumthibitishia tu kwamba dada wa Jumanne ni mteja wako, umeshatoa siri. Jibu linalofaa ni hili: "Baba, mtu yeyote awe anakuja kwangu au haji, habari zake simpi mtu mwingine. Hata wewe ukija, hakuna atakayepiga simu akaambiwa yako." Wengi hulielewa vizuri, na wapo ambao baadaye wenyewe huomba miadi.

Mambo haya yazungumzwe kabla ya malipo ya kwanza, si siku simu inapoingia.

Kanuni zenyewe ni zipi, na zilitoka wapi?

Mwaka 1979 Wamarekani wawili, Tom Beauchamp na James Childress, waliandika kuhusu kanuni nne za maadili ya tiba: kuheshimu uhuru wa mgonjwa, kutodhuru, kutenda mema, na haki. Mwaka 1984 mwanasaikolojia Karen Kitchener alizileta kanuni hizo kwenye unasihi na saikolojia, akaongeza ya tano: uaminifu kwa ahadi, kwa sababu kazi yetu yote imesimama juu ya mtu kuamini kwamba utafanya ulichosema. Baadaye chama cha wanasihi cha Marekani kiliongeza ukweli, na toleo la mwaka 2014 la kanuni zake linataja zote sita.

Tano kati ya hizo hazileti ubishi mkubwa kwetu. Inayoleta ubishi ni uhuru wa mteja, na ningependa kukaa hapo kidogo.

Mwanafunzi wa unasihi hufundishwa kwamba mteja anaamua mwenyewe. Halafu anakutana na mama wa miaka arobaini anayesema, "Nimekuelewa, ila ngoja kwanza nikaongee na kaka yangu." Mwanafunzi anahangaika: huyu mama hana uhuru? Au anaanza kumshawishi aache kumtegemea kaka yake. Hilo ni kosa. Kutaka ushauri wa ukoo ni uamuzi wake, na kwa watu wengi ndiyo njia iliyowavusha misiba, magonjwa na ndoa. Cha kuangalia ni kitu kingine kabisa: anamwendea kaka kwa sababu anamwamini, au kwa sababu anamwogopa? Muulize, "Kaka akisema hapana, na wewe moyoni unataka ndiyo, itakuwaje?" Akijibu "nitamweleza mpaka anielewe," yuko huru. Akinyamaza na kuangalia chini, kazi yenu ya kikao kijacho mmeshaipata.

Kila kozi inataja kesi ya Tarasoff. Ilikuwaje, na inatuhusu?

Mwaka 1969, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley aitwaye Prosenjit Poddar alimweleza mwanasaikolojia wa huduma ya afya ya chuo kwamba anakusudia kumuua msichana aliyemkataa. Mwanasaikolojia alilichukulia kwa uzito na kuwaarifu askari wa chuo. Askari walimshika kijana, wakamwona anaongea kwa akili timamu, wakamwachia. Msichana mwenyewe, Tatiana Tarasoff, wakati huo alikuwa safarini, na hakuna aliyemwambia yeye wala wazazi wake. Alirudi, na tarehe 27 Oktoba 1969 Poddar alimuua.

Wazazi walikwenda mahakamani. Mwaka 1974 mahakama ya juu kabisa ya California ilisema mtaalamu ana wajibu wa kumwonya anayetishiwa. Kesi ikasikilizwa upya, na mwaka 1976 mahakama hiyo ikaupanua wajibu: ni kumlinda kwa hatua zinazofaa, na kuonya ni mojawapo tu ya hatua hizo.

Hukumu hiyo haimfungi hakimu wa Dodoma wala wa Nakuru. Inafundishwa kwa sababu inaonyesha kosa ambalo hata mtu mwenye nia njema hulifanya: kupeleka taarifa mahali fulani na kudhani kazi imeisha. Yule mwanasaikolojia hakukaa kimya. Aliwaambia watu, ila taarifa haikumfikia aliyekuwa anahitaji kulindwa. Ukivunja siri kwa ajili ya usalama wa mtu, fuatilia mpaka ujue kwamba mtu huyo yuko salama kweli. Na utoe kile tu kinachohitajika kumlinda. Polisi hawahitaji kujua utoto wa mteja wako.

Kanuni mbili zikigongana, naamuaje? Nipe mfano mmoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Chukua hili. Mama mjamzito amepimwa kliniki na kukutwa na VVU. Mume hakuja naye. Anakuambia: "Dada, nakuomba kwa jina la Mungu, usimwambie. Akijua atanifukuza na mimba hii, na nyumba ni ya kwao." Mnasihi anajua kwamba mume huenda hajaambukizwa. Anajua pia kwamba Sheria ya UKIMWI ya Tanzania ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya kipimo, na wakati huohuo inamtaka aliyekutwa na VVU amweleze mwenzi wake.

Wamarekani wawili, Holly Forester-Miller na Thomas Davis, waliandaa miaka ya 1990 mtiririko wa hatua saba kwa ajili ya hali kama hizi. Kwa kifupi: lifahamu tatizo, soma kanuni na sheria, tambua kanuni zinazogongana, orodhesha njia zote, pima matokeo ya kila njia, kagua uamuzi wako, tekeleza. Unafaa kwa sababu unakuzuia kurukia jibu. Tuupitishe kwa huyu mama.

Tatizo kwanza. Mnasihi mwenye haraka anasema tatizo ni "nimwambie mume au nisimwambie". Ukimsikiliza mama vizuri, tatizo lake si siri. Ni hofu ya kufukuzwa. Kwa hiyo kabla ya lolote unauliza kuhusu usalama, tena kwa maswali ya moja kwa moja: ameshawahi kukupiga? Alipokasirika sana mara ya mwisho alifanya nini? Kama ungelazimika kutoka usiku, ungekwenda kwa nani? Majibu haya yanabadilisha kila kitu kinachofuata.

Sheria na miongozo ya kituo unaisoma, huikumbuki tu kichwani. Halafu unaongea na msimamizi. Hapa nitasema wazi: kati ya hatua zote, hii ndiyo ninayoipigania. Maamuzi mabaya ninayoyajua kwenye kazi hii karibu yote yalifanywa na mtu aliyekuwa peke yake, amechoka, na mteja analia mbele yake. Huna msimamizi? Tafuta mnasihi mwenzako mwenye uzoefu, hata wa wilaya nyingine, mwongee kwa simu bila kutaja jina la mteja. Mambo machache sana hayawezi kusubiri saa moja.

Njia zilizopo sasa. Kumwambia mume leo bila ridhaa ya mama. Kunyamaza kabisa. Hizo mbili kila mtu anaziona, na ndizo zinazomfanya mnasihi ahisi amebanwa. Lakini zipo nyingine. Mama anaweza kumwambia mwenyewe ndani ya muda mliokubaliana, baada ya kufanya mazoezi ya maneno na wewe. Anaweza kumleta kliniki, maana kliniki nyingi huwahimiza waume kuja na kupima pamoja, na majibu wakayapokea wote wawili kama wanandoa. Mhudumu wa afya anaweza kumfikia mume na kumwalika apime bila kumtaja mke. Shirika la Afya Duniani limekuwa likipendekeza msaada wa namna hiyo wa kuwafikia wenzi tangu mwaka 2016, kwa hiari ya mteja. Na wakati wote huo mama anaanza dawa siku hiyohiyo, kwa ajili yake na mtoto. Dawa zikimezwa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo, hatamwambukiza mume kwa kujamiiana. Kabla ya kufika hapo, kondomu, na mume akipimwa na kukutwa hana, zipo dawa za kumkinga.

Pima matokeo. Kumwambia mume leo kunaweza kumfanya mama alale nje akiwa na mimba, na akiacha kurudi kliniki, mtoto ndiye atakayelipa. Kunyamaza kabisa kunamwacha mume gizani na kumwacha mama peke yake na mzigo wa dawa anazozificha kwenye debe la unga. Njia ya katikati inachukua wiki kadhaa, na ndani ya wiki hizo mume yuko kwenye hatari ambayo mnaweza kuipunguza lakini si kuifuta. Hilo ni la kweli na halifichiki. Mwambie mama hivyohivyo, bila kumtisha.

Kwa kukagua uamuzi, Holly Stadler alipendekeza mwaka 1986 majaribio matatu. Mteja mwingine mwenye hali hii ningemtendea hivihivi, hata kama angekuwa tajiri, au ndugu yangu? Uamuzi wangu ukisomwa hadharani, nitausimamia? Ningemshauri mnasihi mwingine afanye hivi? Jaribio la kwanza ndilo linalonasa wengi, kwa sababu huwa tunawapa muda wateja tunaowapenda na kuwabana wale wanaotuudhi.

Kisha unaandika: tarehe, mliyokubaliana, uliyeongea naye, sababu za kuchagua njia hii na kuacha zile. Unapanga siku ya kurudi. Kama alikuambia ameshapigwa, mnatengeneza mpango wa usalama kabla ya mpango wa kusema, na unamweleza kuhusu Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na afisa ustawi wa jamii. Na kama wiki zinapita, mama anaahirisha, na mume bado hajapima? Unarudi kwa msimamizi na kuanza upya hatua ya kwanza, kwa sababu hali imebadilika. Uamuzi wa maadili haufanywi mara moja ukawekwa kabatini.

Mtoto akisema "usimwambie mama", nifanyeje?

Inategemea amesema nini. Binti wa miaka 15 akisema anampenda kijana wa darasa lingine, hiyo ni yake. Akisema mjomba anayeishi nao huingia chumbani kwake usiku, huna hiari. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuitoa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Kenya, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inaweka maslahi ya mtoto mbele ya yote.

Kwa hiyo swali si kama utasema, ni utasemaje. Usimwahidi kutunza siri kabla hujaisikia. Mtoto akianza na "ukiniapia kwamba hutasema…", mjibu kwa upole kwamba huwezi kuapa, ila unaweza kumwahidi kutofanya jambo nyuma ya mgongo wake. Akishasema, usimhoji kama askari. Swali moja au mawili ya usalama yanatosha: mjomba yuko nyumbani sasa hivi? Leo utalala wapi? Maelezo mengine atayatoa kwa wanaohusika, na kila mara anaporudia kuyasimulia anaumia tena. Mweleze nani ataambiwa, lini, na wewe utakuwa wapi wakati huo. Pengine kinachomwogopesha mtoto zaidi ni ada italipwa na nani mjomba akiondoka. Usilidharau hilo, lipeleke kwa afisa ustawi wa jamii pamoja na taarifa yenyewe. Namba 116, ya simu kwa ajili ya watoto, inapigwa bure Tanzania na Kenya.

Na usiliache suala kama hili limalizwe na wazee wa ukoo kwa faini. Najua shinikizo linavyokuwa. Kosa la jinai dhidi ya mtoto halina suluhu ya mezani.

Mwalimu mkuu anataka nimwambie wanafunzi wanaokuja kwangu wana shida gani.

Mpe takwimu, usimpe majina. "Muhula huu tumepata wengi wenye msongo wa mitihani, na wachache wenye migogoro nyumbani" inamsaidia kupanga shule. Mwalimu wa unasihi ambaye pia ni mwalimu wa nidhamu ana shida kubwa kuliko hiyo, kwa sababu hakuna mwanafunzi atakayemwambia ukweli mtu mwenye fimbo mkononi. Kazi hizo mbili zitenganishwe, na kama shule ina upungufu wa walimu, wanafunzi waambiwe wazi ni lini mwalimu huyo anavaa kofia gani.

Ninafanya kazi mji mdogo. Wateja wangu nakutana nao msikitini, sokoni, kwenye vikoba. Je, nimekosea?

Hujakosea kuishi. Kanuni zilizoandikwa kwenye miji mikubwa ya Ulaya na Marekani hudhani mnasihi anaweza kumwepuka mteja. Mpanda au Lamu haiwezekani. Linalowezekana ni kuzungumza mapema: "Tukikutana nje, sitakusalimia kwanza. Ukinisalimia nitaitikia kama mtu yeyote, na hatutaongelea ya hapa." Lisilokubalika ni uhusiano unaokupa faida au nguvu ya ziada juu yake: kumkopesha, kukopa kwake, kumpangisha nyumba, kumwajiri nyumbani kwako. Ndugu wa damu na rafiki wa karibu, mpeleke kwa mwenzako.

Zawadi zinahitaji hekima. Bibi aliyekuletea mayai kumi baada ya miezi ya maumivu hakuhongi, anakushukuru, na kumrudishia ni kumfedhehesha. Pokea, mshukuru, andika kwenye faili. Mfanyabiashara anayetaka kukununulia simu wiki moja kabla hujaandika ripoti ya mahakama kuhusu malezi ya watoto wake, huyo mkatalie. Angalia thamani, wakati, na kinachotarajiwa baada yake. Kadi ya mchango wa harusi ya mtoto wa mteja? Mimi sitoi wala sipeleki za kwangu kwa wateja, na huwaeleza mwanzoni ili asiye na habari asione nimemdharau.

Je, mnasihi anaweza kuwa na uhusiano wa kimapenzi na mteja?

Hapana. Hata mteja akianza yeye, hata kama wote hawajaoa wala kuolewa. Chama cha wanasihi cha Marekani kinakataza hata baada ya huduma kuisha kwa angalau miaka mitano. Mimi ningeomba watu waichukulie kuwa haiishi. Mtu aliyekufungulia majeraha yake hakusimama mbele yako mkiwa sawa, na miaka haiondoi ulichokijua. Mnasihi akijikuta anamwazia mteja, amweleze msimamizi wiki hiyo na kumhamishia mteja kwa mwingine kwa heshima. Mteja, ukiguswa au kutongozwa, kosa si lako kwa namna yoyote.

Mteja anataka jambo ambalo dini yangu inalikataza. Nimwambie ukweli wangu?

Hakuja kwa ajili ya ukweli wako. Mwanamke anayefikiria kudai talaka anahitaji kupima usalama wake, watoto, mali na imani yake yeye. Ukianza kunukuu maandiko, umehama kutoka unasihi kwenda mahubiri bila kumwuliza. Akitaka mwongozo wa dini, mwelekeze kwa sheikh au mchungaji anayemwamini, na uendelee kuwa mnasihi wake. Mshauri wa kanisani au msikitini ni jambo tofauti: yeye anafahamika anasimama wapi, na mteja amemfuata akijua.

Kama huwezi kabisa kumhudumia mtu bila kumhukumu, mpe rufaa mapema, kabla hajakueleza yote. Ila ukijikuta unawapa rufaa watu wa aina moja kila mara, tatizo liko kwako, ulipeleke kwa msimamizi.

Mteja amesema anataka kujiua. Nikimripoti, si atafungwa?

Hofu hii ni ya haki. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, bado inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, ambacho Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025.

Lakini kumlinda mteja si kumpeleka polisi. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, amepanga vipi, na kama anacho anachotaka kutumia. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akiwa na mpango na nyenzo, asiondoke peke yake: kubalianeni nani aitwe, dawa au sumu iliyoko nyumbani iondolewe, na apelekwe hospitali yenye huduma ya afya ya akili. Huyo atakayeitwa anaambiwa kinachohitajika kumtunza usiku huo, si sababu zote zilizomfikisha hapo.

Naweza kuongea na wateja kwa WhatsApp?

Kwa kupanga miadi, sawa, mteja akiridhia. Kwa mambo mazito, kumbuka simu nyingi majumbani hutumiwa na zaidi ya mtu mmoja, na ujumbe unatokea kwenye kioo hata simu ikiwa imefungwa. Usimhifadhi mteja kwa jina lake na neno "mteja". Usiandike kisa chake kwenye kundi la wanasihi, hata bila jina, kama mji wenu ni mdogo na kisa kinajulikana. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Taarifa za afya zinahitaji ulinzi wa juu kwenye zote mbili. Kabati lenye kufuli na faili lenye namba badala ya jina bado vinafanya kazi nzuri sana.

Namhudumia mkimbizi kwa mkalimani. Kuna la kuangalia?

Lipo kubwa. Katika kambi kama Nyarugusu, Kigoma, au Kakuma, Turkana, mkalimani mara nyingi ni jirani wa mteja, na pengine anatoka upande ule uliomkimbiza. Muulize mteja faraghani, kama lugha inaruhusu hata kidogo, ikiwa mkalimani huyo anamfaa. Mpe haki ya kukataa bila kueleza sababu. Mtoto asimfasirie mzazi wake, hata kama yeye ndiye pekee anayejua lugha za pande zote mbili. Mkalimani naye aahidi usiri mbele ya mteja, kwa lugha ya mteja, na apewe nafasi ya kupumua baada ya kikao, kwa sababu na yeye amesikia.

Mnasihi amevunja siri yangu. Niende wapi?

Anza na yeye kama unajisikia salama kufanya hivyo, huna lazima. Andika mapema kilichotokea, tarehe, aliyekuambia, na maneno uliyoyasikia, kabla kumbukumbu haijafifia. Hifadhi ujumbe wa simu bila kuufuta.

Kenya ina Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, iliyounda bodi inayosajili watu wa fani hii; uliza kama aliyekuhudumia amesajiliwa, kisha peleka malalamiko huko. Tanzania, wanasihi wengi hufanya kazi chini ya hospitali, shule, asasi au ofisi ya ustawi wa jamii, kwa hiyo barua yako iende kwa mkuu wa taasisi, na nakala kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Kama zilizovuja ni taarifa zilizoandikwa au kuhifadhiwa kwenye mfumo, unaweza pia kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Akiwa amekudhulumu kingono, hilo ni la polisi moja kwa moja, na unaweza kwenda na mtu unayemwamini.

Kwenye barua huhitaji kueleza kilichokupeleka kwa mnasihi. Andika tu kwamba ulikuwa mteja wake, tarehe, na alichokifanya. Siri yako bado ni yako, hata unapolalamika kwamba imevunjwa.